Kanisa dogo la Kibaptisti lihesabiwe kuwa lilianza siku gani?

Karani wa Dandora anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni karani wa kanisa dogo la Kibaptisti hapa Dandora, na mkutano wa washirika umenikabidhi kazi ya kuandika jinsi kanisa letu lilivyoanzishwa na mambo liliyopitia katika miaka yake ya kwanza, maana wazee waliokuwapo wanazidi kupungua na wengi wa waliobaki wamerudi mashambani. Kazi yenyewe naipenda, lakini nimekwama mwanzoni kabisa, kwa sababu hatuelewani kuhusu siku ya kuanza.

Ninavyosimuliwa ni kwamba familia chache zilizokuwa zimepata viwanja au vyumba vya kupanga hapa zilianza kukutana jioni kwa maombi nyumbani kwa mama mmoja mjane. Wanaoikumbuka Dandora ya wakati ule wanajua kwamba mradi ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa viwanja vipatavyo 6,000, na vingi kati yake vilitolewa vikiwa na choo, bafu na maji tu, mwenye kiwanja akabaki kujijengea vyumba kwa kadiri ya mfuko wake. Chumba cha mama huyo kilikuwa hakijapigwa plasta wala kuwekwa sakafu, na watu waliketi juu ya mawe ya kujengea yaliyofunikwa kwa magunia. Baadaye walihamia darasa la shule ya chekechea, wakaenda kubatizwa katika kanisa mama, wakafanya agano la kuwa kanisa, wakamweka wakfu mchungaji wao wa kwanza, wakajenga kanisa la mabati, na mwisho kabisa wakapata karatasi za serikali. Kila moja ya hatua hizo ina watu wanaoitetea kuwa ndiyo mwanzo. Wazee wanataka siku ya maombi ya kwanza, ambayo hakuna anayeikumbuka tarehe yake. Vijana wanataka tarehe ya cheti, kwa kuwa imepigwa muhuri na haina ubishi. Mashemasi wanataka siku ya agano.

Kuhusu agano hilo tunalo daftari la jalada gumu, lililoandikwa kwa wino wa buluu. Ukurasa wa kwanza una maneno ya agano lenyewe, kisha majina ya washirika waanzilishi, kila mmoja na sahihi yake, na waliokuwa hawajui kuandika wakaweka alama ya kidole gumba. Juu kabisa pameandikwa “Jumapili, tarehe 14 Agosti”, na mwaka ulipaswa kufuata hapo, lakini pembe hiyo ya karatasi imeliwa na mchwa. Wengine wanasema ilikuwa 1982, wengine 1984. Majina mawili yamepigwa mstari kwa kalamu nyingine, bila maelezo yoyote.

Naomba mnisaidie kujua ni hatua ipi ambayo kwa desturi yetu ya Kibaptisti huhesabiwa kuwa mwanzo, na jinsi ya kuupata mwaka huo ulioliwa. Tena kuna jambo zito zaidi: miaka michache baada ya agano kanisa liligawanyika, karibu nusu ya washirika wakaondoka. Je, hilo liandikwe, au liachwe lipumzike?

Mchungaji Mstaafu anajibu:

Amina, ndugu karani. Mashemasi wako wamesema kweli, nami nitaeleza sababu yake, kwa maana jambo hili linagusa kiini cha imani yetu kuhusu kanisa. Katika madhehebu yenye maaskofu, kanisa jipya huanza pale mwenye mamlaka anapolifungua: anakuja, analibariki jengo, anamteua kasisi, na tarehe inajulikana kwa wote. Wabaptisti hawana mtu wa namna hiyo. Waumini waliobatizwa kwa kukiri imani yao wenyewe wanapokubaliana mbele za Mungu kutembea pamoja, kulishika Neno, kushiriki meza ya Bwana, kuonyana na kuchukuliana mizigo, hapo pana kanisa kamili, hata kama hawana jengo, hawana mchungaji na hawana shilingi. Mchungaji huitwa na kanisa ambalo tayari lipo. Jengo hujengwa na kanisa ambalo tayari lipo. Kwa sababu hiyo siku ya agano hutangulia nyingine zote kwa uzito.

Ndivyo tulivyoanza tangu zamani. Mwaka 1609, huko Amsterdam, kundi la Waingereza waliokuwa wamekimbia mateso ya utawala wa Mfalme James wa Kwanza, wakiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys, waliuacha ubatizo wao wa utotoni wakabatizwa upya kwa kukiri imani. Smyth alijibatiza mwenyewe, kisha akambatiza Helwys na wengine, jambo ambalo baadaye lilimsumbua rohoni na kumtenga na Helwys. Mwaka 1612 Helwys alirudi kwao na watu wachache, wakaanza kukutana Spitalfields, nje ya kuta za London, na hilo ndilo linalohesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza. Halikuwa na cheti chochote, kwa kuwa sheria ililikataza. Helwys alifungwa katika gereza la Newgate kwa kutetea uhuru wa dhamiri wa watu wote, wakiwamo Waislamu na Wayahudi. Tungeifuata hoja ya vijana wako, kanisa lile lisingehesabiwa kuwa kanisa hadi mwaka 1689, Bunge la Uingereza lilipoanza kuruhusu ibada za waliojitenga, na kufikia hapo waanzilishi wake wote walikuwa wamekwisha kufa.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Wamishonari wa Southern Baptist wa Marekani, baadhi yao wakitokea Nigeria walikokuwa wametumika, walifika Kenya na Tanganyika mwaka 1956, Kenya ikiwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa 1952 na kuondolewa 1960, na mikusanyiko ya Waafrika mjini Nairobi ikiangaliwa kwa jicho kali. Kazi katika mitaa ya mashariki ya mji, kama Shauri Moyo, ilikwenda pamoja na mafunzo na huduma kwa watu wa mtaa, na makanisa yakachipuka humo kwa Kiswahili. Upande wa pili wa mji, Kanisa la Nairobi Baptist la Ngong Road lilitoka katika mkondo mwingine, wa Wabaptisti wa Uingereza, na katika miaka ya 1960 lilihudumiwa na Mskoti Tom Houston, ambaye baadaye aliongoza World Vision, shirika la Kikristo la misaada. Nayataja yote mawili kwa sababu karani anayetafuta kumbukumbu lazima ajue kwanza kanisa mama lake liko katika mkondo upi, maana karatasi zake zitakuwa zimefuata mkondo huohuo.

Sasa sikiliza jambo litakalokusaidia. Desturi ilikuwa kwamba kanisa mama hufungua kituo cha mahubiri, washirika wa kituo hicho huendelea kuhesabiwa kwake, na wakishakomaa huwaruhusu kwa barua ya uhamisho ili waunde kanisa lao. Kwa hiyo tukio lenu la Agosti halikuandikwa katika daftari lenu peke yake. Kanisa mama lilipaswa kupitisha azimio la kuwaachilia watu hao kwa majina yao, na azimio hilo limo katika daftari lake la mikutano ya washirika, pengine wiki chache kabla ya agano lenu. Nenda kwa heshima, umwone karani mwenzako, uombe kulisoma hapohapo bila kuliondoa ofisini.

Umetaja pia mchungaji wenu wa kwanza. Wachungaji wengi wa Kibaptisti wa kizazi hicho walisomea theolojia Arusha, katika seminari iliyofunguliwa mwaka 1962, lakini mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na ukabaki hivyo hadi 1983. Ikiwa wenu alisoma huko, cheti chake kitakuonyesha kama alimaliza kabla ya kufungwa kwa mpaka, na hapo utaelewa kwa nini kanisa linalozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa na bahati kumpata mtu aliyefundishwa.

Mwalimu wa Buruburu anajibu:

Shikamoo mchungaji, nashukuru kwa somo hilo. Ndugu karani, pole na kazi, na hongera kwa kuianza wazee wakiwa hai.

Mwaka wako unaweza kupatikana kwa kalenda kabla hata hujapanda matatu kwenda kanisa mama. Tarehe 14 Agosti haiangukii Jumapili kila mwaka. Iliangukia Jumapili mwaka 1977, kisha 1983, kisha 1988, na katikati hapo haikutokea tena. Mwaka 1982 tarehe hiyo ilikuwa Jumamosi, na mwaka 1984 ilikuwa Jumanne. Ikiwa wazee wanabishana kati ya 1982 na 1984, basi daftari lenyewe linawakatalia wote na kuwapatanisha katikati: ni 1983. Hata hivyo usiridhike na kalenda peke yake, kwa sababu karani wa zamani angeweza kukosea siku au kuandika kumbukumbu baadaye. Tafuta ushahidi wa pili, kama alivyoshauri mchungaji.

Nimefundisha historia kwa muda mrefu na nimesaidia kuandika ya kanisa la wazazi wangu kule Kisumu, na nililojifunza ni kwamba mzee ukimwuliza “ilikuwa mwaka gani?” atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Mwulize badala yake alikuwa anafanya nini. Kwa Nairobi tuna alama ambazo hakuna aliyezisahau. Jaribio la mapinduzi la 1982 lilitokea tarehe 1 Agosti, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Redio ilitangaza asubuhi kwamba serikali imepinduliwa, watu wakajifungia nyumbani, na ibada hazikufanyika. Kwa hiyo mwulize kila mzee: Jumapili ile ya mapinduzi ulikuwa ukielekea kuabudu wapi? Akijibu kwamba walikuwa wakikutana katika darasa la chekechea, umejua kwamba kuhama kutoka nyumba ya mama mjane kulitangulia Agosti 1982. Akijibu kwamba walikuwa bado wanakaa juu ya mawe, umejua vinginevyo. Alama ya pili ni ukame wa 1984, tulipokula mahindi ya manjano kutoka ng’ambo. Kanisa maskini lenye wajane lazima liligawa chakula mwaka ule, au lilishindwa kugawa, na yote mawili hukumbukwa. Ya tatu ni 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza: waulize watoto wao walikuwa darasa gani walipobatizwa wazazi. Alama tatu hizo zikikubaliana na daftari, hutahitaji kumwomba mtu yeyote akuamini tu.

La pili ni kuhusu nani wa kuulizwa. Ukiwahoji mashemasi wa kwanza peke yao utapata historia ya maazimio. Ukiwahoji mama zao na wake zao utapata historia ya kanisa. Katika kanisa la wazazi wangu hakuna hata ukurasa mmoja wa daftari unaotaja vyombo vya meza ya Bwana, lakini mama mmoja alinieleza jambo hilo kwa undani hadi nikaliona. Hawakuwa na vile vikombe vidogo. Waliazima glasi za chai nyumba kwa nyumba, na kila glasi ilifungwa uzi wa rangi yake kwenye kitako, ili baada ya ibada irudi kwa mwenyewe bila ugomvi. Kinywaji kilikuwa zabibu kavu zilizochemshwa Jumamosi usiku na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho alikuwa bado anacho, madoa yake yamegeuka kahawia. Baadhi ya glasi zilitoka kwa majirani Waislamu ambao walijua zinakwenda kufanya kazi gani na hawakuzinyima. Mambo kama hayo hayamo katika kumbukumbu za mikutano, kwa sababu mikutano hiyo iliandikwa na wanaume waliokuwa wanafikiria mabati na saruji.

Waulize akina mama wako: nani alifagia darasa Jumapili alfajiri kabla ya ibada na nani alirudisha madawati Jumapili jioni ili watoto wa chekechea wayakute Jumatatu? Nani aliitunza sadaka ya wiki kabla hakujawa na akaunti ya benki, na aliificha wapi? Nani alienda kwa wagonjwa? Wahoji kwanza mmoja mmoja, uandike au urekodi kwa simu, kisha uwakutanishe wawili wawili, maana mmoja akianza mwenzake humkumbusha, na wanapobishana ndipo ukweli hujitokeza. Ongea kwa lugha wanayoota nayo. Kama ni Kikuyu au Kiluo na wewe huijui, nenda na mjukuu wao.

Wakili wa Ngara anajibu:

Ningependa kuwaambia vijana wa kanisa la ndugu karani jambo moja kuhusu cheti wanachokipenda, kwa sababu nimeandaa maombi ya usajili ya makanisa kadhaa. Sheria ya Vyama ya mwaka 1968, Sura ya 108, inahesabu kuwa chama umoja wowote wa watu 10 au zaidi unaoangukia katika maelezo yake, na inataka ombi la usajili lipelekwe kwa Msajili ndani ya siku 28 tangu chama kuundwa. Soma tena hapo: tangu kuundwa. Sheria yenyewe inachukulia kwamba chama kimeshakuwapo kabla ya kufika mbele ya Msajili, na kwamba cheti kinatambua tu kilichopo. Kwa hiyo hata wakili asiye Mkristo angekuambia kwamba tarehe ya cheti haiwezi kuwa tarehe ya kuzaliwa.

Angalieni pia kama cheti hicho ni chenu. Kanisa dogo lililoanzishwa chini ya mwavuli wa chama kikubwa cha makanisa linaweza kuwa limefanya kazi miaka mingi kwa usajili wa chama hicho, na kupata wake baadaye sana, au kutopata kabisa. Chama kilichosajiliwa kwa sheria hiyo hakiwi mtu mbele ya sheria, hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake, na ndiyo sababu ardhi ya makanisa hushikwa na wadhamini, mara nyingi waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 164. Ukiandika miaka ya kwanza, tafuta barua ya ugawaji wa kiwanja kutoka Halmashauri ya Jiji, usome imeandikwa kwa jina la nani, na uweke nakala yake mahali salama tofauti na kanisani. Nasema hivi kwa uchungu, kwa maana nimeona kanisa likipoteza kiwanja lilichokikalia tangu mwanzo kwa sababu barua ya awali ilikuwa kwa jina la shemasi aliyefariki, na warithi wake hawakuwa washirika. Historia unayoiandika inaweza siku moja kuwa ushahidi. Andika tarehe kwa uangalifu, na utaje karatasi uliyoitoa humo.

Mzee wa Kariobangi anajibu:

Namheshimu sana mchungaji, na mafundisho yake kuhusu agano ndiyo niliyolelewa nayo. Hata hivyo sitaki karani aanze kitabu chake tarehe 14 Agosti. Kuna watu walioomba katika kile chumba kisicho na sakafu ambao walihama au walikufa kabla ya agano, na majina yao hayamo katika daftari lolote. Agano halikuanguka kutoka mbinguni siku hiyo. Liliandaliwa na jioni nyingi za watu waliochoka waliotoka kazini Industrial Area kwa miguu na bado wakaja kuomba. Wakitupwa nje ya historia kwa sababu hawakuweka sahihi, tutakuwa tumewatendea vibaya. Tena, ndugu karani, hujatuambia yule mama mjane alikuwa nani. Jina lake limo katika orodha?

Kuhusu mgawanyiko, liandike. Mimi nilikuwa katika kanisa lililogawanyika miaka hiyohiyo, kwa sababu ya kunena kwa lugha na makesha ya usiku, nami nikawa upande wa walioondoka. Kwa miaka mingi kanisa tulilolitoka lilisimulia historia yake kana kwamba hatukuwahi kuzaliwa humo, na watoto wetu walikua bila kujua kwamba babu zao ndio waliochimba msingi wa jengo lile. Hilo liliniumiza kuliko maneno yaliyosemwa siku ya kutengana. Chukua azimio la mkutano kama lilivyoandikwa, uliweke bila kupunguza. Kisha nenda kwa wale walioondoka, uwaulize waliliona vipi, uandike jibu lao kwa maneno yao. Usitaje nani alimtukana nani.

Karani wa Dandora anajibu:

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia, maana nilitaka kwanza nifike kanisa mama kama nilivyoelekezwa.

Azimio nimeliona. Lilipitishwa Jumapili tarehe 24 Julai 1983, majuma matatu kamili kabla ya agano letu, na linataja washirika wote wanaoachiliwa “kwa baraka za kanisa hili ili waunde kanisa la Bwana huko Dandora”. Majina ni yaleyale ya ukurasa wetu wa kwanza. Pia maswali ya mwalimu yamefanya kazi: mama wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba Jumapili ya mapinduzi walikuwa wamekwisha kuvaa kwenda kwenye darasa la chekechea, jirani akawarudisha mlangoni. Kwa hiyo kuhama kulikuwa kabla ya Agosti 1982, na kanisa lilikaa darasani mwaka mzima na zaidi kabla ya kufanya agano. Sikujua kwamba kipindi hicho kilikuwa kirefu hivyo. Sasa namwelewa shemasi wetu wa kwanza anaposema walifundishwa agano mstari kwa mstari kabla hawajaruhusiwa kuliwekea sahihi.

Mzee wa Kariobangi ameniuliza swali ambalo hakuna mtu kanisani kwetu aliyewahi kuliuliza. Jina la mama mjane halimo. Nilidhani limesahauliwa, kumbe hakuwa Mbaptisti hata kidogo. Alikuwa Mwanglikana aliyebatizwa na kupata kipaimara kwao, na alibaki hivyo hadi alipofariki. Aliwapa watu chumba chake kwa sababu aliwasikia wakiomba chini ya mti wakati wa mvua. Walipohamia darasani aliendelea kuwapelekea chai, na Jumapili akaenda kanisani kwake. Binti yake, ambaye bado anakaa katika ploti ileile, ndiye aliyenieleza, na alishangaa kwamba hatukujua.

Nimewasilisha mbele ya mkutano wa washirika, na baada ya majadiliano marefu tumepiga kura. Sherehe ya kila mwaka itahesabiwa kutoka tarehe 14 Agosti 1983, kama alivyofundisha mchungaji, na hata vijana wameridhika, hasa waliposomewa maneno ya wakili. Simulizi lenyewe litaanzia katika chumba cha mama huyo, kwa jina lake kamili, na binti yake amekubali kusoma sura hiyo kabla haijachapishwa. Wale walioondoka wakati wa mgawanyiko nimewaandikia barua. Karani wao amenijibu kwa upole, na tumepanga kukutana.

Limebaki jambo moja. Kati ya majina mawili yaliyopigwa mstari, moja ni la ndugu aliyeomba barua ya kurudi kanisa mama alipohamia Makongeni, na hilo halina shida. La pili ni la mtu aliyetengwa na kanisa mwaka wa pili, na sababu imeandikwa wazi katika kumbukumbu. Watoto wake wako hai na baadhi yao ni washirika wetu. Nichapishe orodha ikiwa na mstari huo, au niliondoe jina lake kabisa?

Mchungaji Mstaafu anajibu:

Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Chapisha orodha kama ilivyokuwa jioni ya tarehe 14 Agosti 1983, majina yote yakiwa kamili, bila mstari wowote, kwa kuwa unasimulia siku hiyo na siku hiyo alikuwa mshirika miongoni mwa washirika. Yaliyotokea mwaka wa pili ni nidhamu ya kanisa, na nidhamu ya kanisa hubaki katika daftari la mkutano, ambalo husomwa na washirika peke yao. Ukurasa wa asili usiuguse wala usiufute mstari ule. Upige picha kama ulivyo, kwa ajili ya kuhifadhi.

Kabla ya kuchapisha, waendee watoto wake nyumbani pamoja na shemasi mmoja, msiende na daftari, muwaambie tu kwamba jina la baba yao litakuwa katika orodha ya waanzilishi. Na daftari hilo mlitoe mahali lilipo sasa. Kama mchwa wameshaonja pembe ya ukurasa wa kwanza, kabati la mbao halifai tena. Nunueni sanduku la chuma, liinuliwe kutoka sakafuni, na nakala ya kila ukurasa iwekwe kwa kanisa mama.